Sufuria Yangu ya Mbaazi

Niliolewa Mtongwe, huku Likoni, mwaka 1989, nikitokea Machakos. Mume wangu ni mmoja wa wale watu 272 waliokufa maji feri ilipopinduka hapa kivukoni, Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Aprili 1994. Miezi ile nilisoma Zaburi tu. Niliikimbilia Biblia kama mtoto anavyomkimbilia mamake, na kweli ilinibembeleza.

Mwaka 1997 ndipo nilipojua kwamba pia inaamrisha.

Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na sisi tulioitwa wabara tukaanza kuchomewa nyumba. Nilitoka na watoto wawili, Biblia na leso moja, tukalala kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni pamoja na umati wa wenzetu.

Niliporudi nilikuta kuta tupu. Mabati hayapo, mlango haupo, na sufuria yangu ya mbaazi haipo. Mbaazi za nazi na mahamri pale kivukoni ndivyo vilivyokuwa vinalisha wanangu.

Wiki ya pili nikaiona. Imeinamishwa kwenye kichanja cha jirani, mkono mmoja umefungwa waya wa shaba nilioufunga mwenyewe. Kijana wa nyumba ile nilimjua tangu akiwa na kaptura ya shule. Na siku hizo askari walikuwa wakipita mtaa kwa mtaa wakikamata vijana. Kwangu ilikuwa ni kunyoosha kidole tu.

Usiku ule sikulala. Niliwasha koroboi nikafungua Warumi 12, sura ambayo mzee wetu mmoja alituhubiria pale uwanjani, nasi tukamnunia. Paulo anasema kisasi tumwachie Mungu, na adui akishikwa na njaa tumlishe. Nilitafuta pa kuponyokea. Nikajiambia kwamba kusema kweli si kisasi. Sisemi mwizi asishtakiwe. Lakini moyo wangu nilikuwa naujua. Sufuria sikuwa na haja nayo tena, nilitaka kijana apigwe.

Kulipokucha sikwenda kwa askari. Niliazima sufuria, nikarudi kivukoni. Mamake yule kijana alipokuja kununua, nilimpimia kama wengine, na siku akikosa pesa nilimkopesha. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka hata mchuzi ukanimwagikia kidoleni. Sikuwa nimemsamehe mwanawe. Nilikuwa natii tu. Kusamehe kulikuja baadaye, tena polepole, kwa miaka.

Mama huyo alifariki mwaka 2011. Nilikwenda matangani. Uani sufuria yangu ilikuwa mafigani, waya wa shaba umekuwa mweusi, chai ya waliokuja kuhani inatokota. Yule kijana, sasa baba wa watoto, alipoona naitazama aliinamisha kichwa. Kisha akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu chai, mama."

Nikaketi mkekani, nikanywa.