Upande wa Ndani wa Nguo: Filamu ya Mwanafunzi, Mbunifu wa Mitindo na Suala la Chapa

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuijadili riwaya, tamthilia na ushairi, na fasihi simulizi nayo imepata wahakiki wake. Filamu fupi ambayo mwanafunzi huitengeneza kwa kamera ya kuazima, ili apate alama zake za mwisho, ni nadra kutajwa. Aghalabu huonyeshwa jioni moja, ikapigiwa makofi na jamaa na marafiki, kisha ikawekwa kabatini. Hata hivyo, filamu ya hali halisi inayomhusu mtu mmoja ni wasifu kamili. Humchukua mtu aliye hai, huyapanga maisha yake kwa mfuatano uliokusudiwa, na huyaweka mbele ya hadhira chini ya jina fulani. Kwa hiyo maswali yanayoulizwa kuhusu wasifu yanaihusu pia: nani anasema, kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani?

Maswali haya huwa makali zaidi pale ambapo mhusika ni mbunifu wa mitindo ambaye ndiyo kwanza anaanza. Mbunifu wa namna hii hana mali kubwa kuliko jina lake. Chapa yake ndiyo inayolitofautisha koti lake na koti la kibanda cha pili. Mwanafunzi naye anatafuta jina, kwa kuwa filamu yake inahitaji anwani, bango na sura itakayokumbukwa. Majina hayo mawili yanapokutana, kila moja hutaka kulitumia lenzake. Kwa istilahi za fasihi simulizi, hatari iliyopo ni kwamba wasifu unaweza kugeuka majigambo. Majigambo ni utanzu wenye heshima yake, lakini hadhira huyasikiliza ikijua bayana kwamba msemaji anajisifu. Majigambo yanayovaa joho la wasifu huinyima hadhira ujuzi huo.

Mwanafunzi na Fundi

Kisa kinachozingatiwa hapa ni cha mwanafunzi wa uzamili jijini Nairobi na msichana wa miaka 24 aliyekuwa na kibanda chenye cherehani mbili. Msichana huyo alikwenda Gikomba alfajiri, marobota yanapofunguliwa, akachagua suruali za jinzi za mitumba, akazifumua mshono kwa mshono, kisha akaviunganisha vipande vyake na leso ili atengeneze makoti. Kwa ndani, penye ukosi wa kila koti, alishona kitambaa kidogo chenye jina lake. Cherehani ya pili aliinunua kwa mkopo wa chama, na mkopo huo ulikuwa bado haujalipwa. Mwenye duka mmoja la mjini alikuwa ameahidi kuja kuitazama filamu kabla ya kuamua kama atayachukua makoti hayo. Kwa mwanafunzi, filamu ilikuwa alama; kwa msichana, ilikuwa kodi ya kibanda.

Mzozo wa kwanza ulizuka juu ya maneno mawili. Chini ya picha ya msichana, pale ambapo jina na kazi ya mhusika huandikwa, mwanafunzi alikuwa ameweka "fundi cherehani". Msichana aliyakataa. "Kaka, fundi ni yule anayepunguza urefu wa suruali," alisema. "Mimi nabuni." Mwanafunzi, ambaye alilelewa Mombasa, alishangaa kusikia neno hilo likishushwa hadhi. Pwani, fundi ni mtu wa kuamkiwa. Hata mtunzi aliyebobea katika ushairi huitwa fundi, na kitenzi kilekile cha kutunga hutumika kwa shanga na kwa mashairi. Lakini hoja ya msichana ilikuwa na uzito. Katika mitaa anakoishi, neno fundi humpangia mtu bei. Anayeitwa fundi huambiwa apunguze. Anayeitwa mbunifu huulizwa ni kiasi gani. Hatimaye waliafikiana kwamba paandikwe jina lake tu, bila kazi, na kazi yake ionekane mikononi mwake.

Mzozo wa pili haukwisha kwa urahisi huo. Mwanafunzi alikuwa amepiga picha ndefu, isiyokatwa, ya msichana akiiondoa lebo ya kigeni kwa ncha ya wembe. Lebo ilipotoka, pale ilipokuwa palibaki mraba wa buluu iliyokoza, ambayo jua wala sabuni havikuwahi kuifikia, ukizungukwa na safu ya matundu ya sindano. Juu ya mraba huo msichana akashona lebo yake. Mwanafunzi aliamini kwamba hapo ndipo penye kiini cha filamu nzima. Msichana aliomba iondolewe. "Kaka, hiyo itanimaliza. Mwenye duka ataona nauza mitumba." Hakuna kati yao aliyekuwa akisema uongo. Picha ilikuwa kweli, na hofu ilikuwa kweli pia.

Kampuni ya Manyoya na Nyumba ya Theluji

Mzozo wa aina hii una umri sawa na filamu ya hali halisi yenyewe. Nanook of the North, ambayo Robert Flaherty aliitoa mwaka 1922 na ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa chimbuko la utanzu huu, iligharimiwa na Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara ya ngozi za manyoya. Mhusika aliyeitwa Nanook jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Watu wake walikwisha kuizoea bunduki, lakini katika filamu anawinda kwa zana za kale. Nyumba ya theluji anamolala ilijengwa nusu, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Hivyo basi, wasifu wa kwanza mashuhuri wa filamu ulilipiwa na mfanyabiashara wa mavazi, na mhusika wake alipewa jina na zana zilizoifaa picha ambayo watazamaji wa mbali walitaka kuiona. Anayedhani kwamba chapa ni uchafu uliouingia utanzu huu juzi hana budi kuitazama upya historia hiyo.

Historia hiyohiyo inaonyesha kwamba mfadhili hamfungi msanii kila mara. Mwaka 1989 Wim Wenders, kwa kuagizwa na Centre Pompidou ya Paris, alitengeneza Notebook on Cities and Clothes, filamu kuhusu mbunifu wa Kijapani Yohji Yamamoto. Wenders haifichi kazi yake. Anaichanganya filamu ya kawaida na picha za video, anaweka skrini ndani ya skrini, na kuuliza waziwazi ni ipi nakala na ni ipi asili katika zama ambapo kila picha inaweza kurudufiwa. Katika sehemu moja Yamamoto anaonekana akiandika sahihi yake kwenye kibao cha duka, akiifuta na kuiandika tena mpaka aridhike. Hapo chapa yenyewe ndiyo inayokuwa mada. Mtazamaji haoni jina lililokamilika likining'inia juu ya mlango. Anaona mkono wa mtu ukihangaika kulipata.

Unzipped ya Douglas Keeve, iliyotoka mwaka 1995, ina mafunzo ya namna nyingine. Inamfuata Isaac Mizrahi wa New York akiandaa mavazi ya majira ya vuli ya mwaka 1994, na mwelekezi alikuwa na uhusiano wa karibu na mhusika wake. Jambo la ajabu ni kwamba Mizrahi anasema wazi kwamba sehemu ya mavazi hayo iliibuliwa na Nanook of the North: manyoya yaliyokuwa yameilipia filamu yanarudi jukwaani kwa sababu ya filamu hiyo. Katika maonyesho yenyewe Mizrahi alitundika pazia jembamba, hivi kwamba hadhira iliwaona wanamitindo wakivaa na kuvua nyuma yake. Upande wa nyuma wa sanaa ukawa sehemu ya sanaa. Nyumba yake ya mitindo ilifungwa mwaka 1998, lakini filamu ingali inatazamwa. Mbunifu anayetaka filamu iwe mtumishi wa chapa yake yampasa atafakari hilo: huenda filamu ikaishi zaidi ya chapa, na watakaokuja baadaye wakamjua kwayo peke yake.

Jina la Leso

Mifano ya Ulaya na Marekani isichukuliwe kuwa ndiyo iliyoleta suala hili Afrika Mashariki. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, alishughulika na msanii ambaye jina lake lenyewe lilikuwa limetungwa. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye. Kwa jina hilo sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, na kwa jina hilo anakumbukwa. Ingekuwa rahisi kwa mwandishi kuanzia penye utukufu. Wasifu ule una thamani kwa kuwa haukuificha safari kutoka jina la kwanza hadi la pili. Bila Mtumwa, Siti ni pambo tu.

Leso nayo ni ushahidi uliomo majumbani. Ina pindo, ina mji, na ina maandishi ambayo Waswahili huyaita jina. Husemekana kwamba aliyeanzisha mtindo wa kuweka methali kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20, ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilitambulikana kwa alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hapa pana majina mawili kwenye kitambaa kimoja. Alama ya Abdulla inamtaja mwenye biashara, na haibadiliki. Jina la leso ni usemi, na maana yake humilikiwa na yule anayejifunga: akiivaa mbele ya jirani fulani, kwa siku fulani, husema jambo ambalo mwenye duka hakulikusudia. Alama huuza leso, jina huisemesha. Mwenye kununua hujua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika filamu nyingi za wanafunzi. Anwani hugeuzwa alama ya biashara, nembo ya mhusika huwekwa mwanzoni na mwishoni, na bango huwa tangazo la duka. Sheria yenyewe imeyatenga mambo haya. Chapa ya biashara husajiliwa kwa KIPI, ilhali filamu hulindwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mbunifu hapotezi chapa yake kwa kukubali kupigwa picha, na mtengenezaji wa filamu hapati haki ya kuiuza chapa hiyo kwa kuwa ameipiga picha.

Namna Walivyoafikiana

Mwanafunzi hakuiondoa picha ya wembe, wala hakuiacha kama ilivyokuwa. Alimwalika msichana kwenye chumba cha uhariri, wakaitazama pamoja mara kadhaa. Msichana alinyamaza kwa muda, kisha akalichukua koti alilokuwa amelivaa, akaligeuza ndani nje, akaliweka mezani. Alionyesha jinsi kingo zilivyofungwa, jinsi uzi usivyoning'inia, na jinsi pindo la leso lilivyofuata mstari wa jinzi bila kupinda. "Anayejua nguo huanza kutazama huku," alisema. "Kama utaonyesha nafumua, onyesha pia navyofunga."

Ombi hilo lilikuwa la kihakiki kuliko la kibiashara. Msichana hakudai tena kwamba kitambaa kiwe kipya. Alidai kwamba kazi ionekane nzima. Siku iliyofuata mwanafunzi alirudi kibandani na kupiga picha ya pili, ndefu kama ile ya kwanza: mikono, sindano, na kingo zikifungwa. Picha hizo mbili zikawekwa sambamba. Filamu ikaitwa Upande wa Ndani, na anwani hiyo ikaandikwa kwenye bango mahali ambapo leso huwekwa jina lake. Lebo ya msichana haikuwekwa kwenye bango. Ilionekana ndani ya filamu tu, ikishonwa juu ya ule mraba wa buluu. Mwenye duka alikuja, akatazama, akachukua makoti sita kwa majaribio. Hiyo si bahati kubwa, wala si kitu cha kudharauliwa na mtu anayedaiwa na chama.

Hitimisho

Wanaosahihisha filamu za wanafunzi hupenda kuuliza kama kazi fulani ni sanaa au ni tangazo. Swali hilo halitoshi, maadamu tangu Nanook pesa za wafanyabiashara zimekuwamo katika utanzu huu, na tangu Mali ya Abdulla alama na usemi vimekaa kwenye kitambaa kimoja. Linalofaa kuulizwa ni kama mtazamaji ameachiwa njia ya kuufikia upande wa ndani: anaona jina linavyotengenezwa, au analipokea likiwa limekwisha kushonwa? Mhakiki wa ushairi hupima vina na mizani, na haridhiki na sifa za mtunzi. Vivyo hivyo, filamu kuhusu mbunifu kijana ipimwe kwa mishono yake: nani amekatwa na kuachwa nje, nani ameombwa ridhaa, na matundu ya sindano ya awali yamefunikwa au yameachwa yaonekane. Chapa iliyojengwa juu ya kazi inayoonekana haihitaji mtetezi. Iliyojengwa juu ya kilichofichwa humtia hofu mwenyewe kila robota linapofunguliwa.