Kazi za Mikono si Adhabu

Kila mwaka wa shule unapokaribia, mimi huulizwa swali lile lile: "Mwalimu, mtoto wangu aende shule ya ufundi? Kwani ameshindwa nini?" Hapa kwetu Kisangani wako wengi wanaodhani kwamba useremala na ufundi wa mitambo ni kimbilio la walioshindwa hesabu na Kifaransa.

Chanzo cha dharau hiyo si vigumu kukiona. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, na hata baada ya uhuru wa mwaka 1960, "kazi za mikono" shuleni mara nyingi zilikuwa kufyeka nyasi, kufagia uwanja na kulima shamba la shule. Aliyechelewa alipewa jembe kama adhabu. Nani atapenda kazi aliyopewa kwa kuadhibiwa?

Siku hizi mtaala umebadilika, lakini desturi bado. Mtaala wa mwaka 2018 kwa darasa la saba na la nane umeweka teknolojia pamoja na fizikia na elimu ya kompyuta. Ndilo somo ninalofundisha. Lakini mwalimu mwenye chaki peke yake atafanya nini? Watoto hunakili majina: patasi, randa, koleo, bisibisi. Wanayajua yote, wala hawajashika hata kimoja.

Mwaka jana nilileta darasani baiskeli mbovu. Ninyi mwazikumbuka toleka, zile baiskeli zilizobeba watu na mizigo ya mji huu katika miaka ya vita, mafuta yalipokuwa adimu. Msichana mmoja, asiyezoea kunyosha mkono, alihesabu meno: 48 mbele, 16 nyuma. Akafikiri kidogo, akasema: "Kanyagio likizunguka mara moja, gurudumu lazunguka mara tatu." Wenzake wakajaribu, wakaona ni kweli. Uwiano uliokuwa umewashinda ubaoni, wakaushika kwa vidole.

Wala tusidhani kwamba ufundi uliletwa na wageni. Nendeni mkawatazame Wagenia kwenye maporomoko ya mto. Wamesimamisha miti mirefu kati ya miamba, wakaifunga kwa kamba za mwituni, wakatundika madema makubwa penye mkondo mkali. Aliyebuni mtego ule alipima nguvu ya maji, uzito wa mti na njia ya samaki. Na mti ukioza, wenyewe huubadili. Je, hiyo si elimu?

Mimi nilisoma seminari ndogo. Asubuhi tulijifunza Kilatini, jioni tulipiga randa, wala sikuona kimoja kikimdharau mwenzake. Ubao usionyooka haudanganyi mtu: waukosoa, waurudia. Akili hupata nidhamu humo kama inavyoipata katika sarufi.

Basi, somo hili lina maisha gani mbele yake? Likibaki la kunakili, litakufa, hata likiandikwa katika ratiba zote za Kongo. Litaishi iwapo mwanafunzi atatengeneza kitu, akakijaribu, akaona kasoro yake, akakirekebisha. Tangu Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, madarasa yamefurika, na watoto hao sasa wanafika kwetu. Si wote watakaopata kazi za ofisini. Tena hata wa ofisini atahitaji kujua kitu hufanyaje kazi.

Tusingoje karakana kubwa. Shule na imwalike fundi wa mtaani aje saa moja kwa juma. Walimu tuache kabisa kuadhibu kwa jembe. Nanyi wazazi, msitupe redio mbovu, kufuli lililokwama, wala taa iliyozima, tuleteeni shuleni. Na binti au mwana akirudi nyumbani na grisi mikononi, msimgombeze kabla ya kumwuliza: "Leo umetengeneza nini?"