Mjomba Avuka Ziwa

Nilivuka ziwa kwenda Mwanza kwa mara ya kwanza mwaka ule Mjomba alipotapika damu. Ilijaa nusu beseni, nyeusi, yenye mabonge. Majirani walishatoa hukumu: wengine vidonda vya tumbo, wengine mkono wa mtu. Hospitali ya wilaya ilimwongezea damu, na alipopata nafuu tukaandikiwa rufaa. Asubuhi tukapanda kivuko pale Nansio, Ukerewe, yeye amejilaza kwenye benchi, mimi nimekumbatia faili.

Safari huchukua saa tatu na ushei, kati ya magunia ya dagaa na kuku wasionyamaza. Bado uko majini, Mwanza inakuonyesha mawe yake, kisha Hospitali ya Bugando juu ya kilima, ilipo tangu 1971. Mjomba aliitazama akaguna, “Na huko juu wagonjwa wanapandaje?” Tulipanda kwa bajaji.

Daktari alikuwa kijana wa rika langu. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu.” Nilitarajia mashine, yeye akasugua viganja vipate joto, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto. “Vuta pumzi.” Bandama ya mtu mzima mwenye afya hujificha nyuma ya mbavu, kwa kawaida huipapasi. Ya Mjomba ilishuka hadi karibu na kitovu. Daktari aliuchukua mkono wangu nami nikaigusa: ngumu, ina ukingo kabisa. Akafunua kope, macho hayakuwa ya manjano. Ndipo akauliza, “Mzee, kazi yako?”

“Kuvua.”

“Tangu lini?”

“Tangu nipate akili.”

Kwangu mimi, ugonjwa ulijulikana hapo. Vipimo vya damu vilivyoondoa homa ya ini, altrasaundi iliyoonyesha makovu yakiandamana na mishipa ndani ya ini, na ule mpira wenye kamera aliomezeshwa huku akinifinya mkono, vyote vilikuja kuthibitisha. Kilikuwa kichocho cha matumbo.

Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa ziwani mchana na kupenya ngozi kwa dakika chache. Hupita mapafuni, hukomaa kuwa minyoo kwenye ini, kisha dume na jike huhamia mishipa ya utumbo na kuishi humo miaka, wamekumbatiana. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa, na mwili ukayazungushia makovu. Makovu huubana mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka tumboni. Barabara kuu ikifungwa, magari hupita vichochoroni: damu ya Mjomba ilikuwa ikijipitishia kwenye vimishipa vya umio, vikatuna, kimoja kikapasuka. Bandama nayo ilivimba kwa msongamano huohuo. Ini lenyewe, licha ya makovu, lilikuwa bado linafanya kazi, ndiyo maana macho yalibaki meupe.

Kwa kutumia mpira uleule walivifunga vimishipa vile kwa vipete vidogo vya mpira, wakamwandikia propranololi ya kupunguza shinikizo, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Daktari hakumdanganya: dawa huua minyoo, makovu ya zamani haiyafuti yote, itabidi arudi kufungwa tena, na akiona choo cheusi kama lami asisubiri kivuko cha kesho.

“Na ziwani nirudi lini?”

Daktari alimtazama kwa muda. Kumwambia mvuvi wa Ukerewe asiguse maji ni kumwambia asile, na nadhani alilijua hilo. Akamwambia apumzike kwanza, na kila mwaka dawa ikigawiwa kijijini ainywe hata kama hajisikii kuumwa.

Kisha akanigeukia. “Wewe unaoga wapi?”

Sikuwa na haja ya kujibu. Nilipandishwa kwenye mizani: kilo 60, vidonge vinne. Nesi akaniagiza nikale kwanza. Nilikula chapati mbili na maharage kantini, nikavimeza, na uchungu wake ukanifuata mpaka bandarini.