Moshi Mweupe wa Gakoromone

Ukipita kando ya soko la Gakoromone hapa Meru, ukayapa kisogo mafungu ya viazi na mikungu ya ndizi, utalakiwa na vishindo vya nyundo na cheche za mafundi wa jua kali. Mmoja wao ni mjomba wangu. Yeye huchomelea milango, madirisha na malango. Likizo ya Agosti mimi humsaidia kushika vyuma, naye hunipa pesa za matumizi.

Kuna kazi moja ambayo nyumbani tuliiogopa. Kila alipochomelea mabomba ya mabati, yale yaliyopakwa zinki yasishike kutu, moshi mzito mweupe ulimfukia usoni. Jioni alirudi buheri wa afya. Usiku wa manane, lo! Meno yanagongana, mwili moto, kifua kimembana, mdomoni ladha ya sarafu. Majirani wakasema ni malaria. Alinunua dawa dukani, kesho kutwa akawa mzima, basi dawa ikapata sifa isiyokuwa yake. Mafundi wenzake nao walimhimiza anywe maziwa.

Siri niliipata darasani. Mwalimu wetu wa kemia alipasha moto kaboneti ya zinki. Unga ukageuka manjano, na ulipopoa ukarudi mweupe. Akasema hiyo ndiyo oksaidi ya zinki. Nikakumbuka viungo vya mabomba: unga uleule, manjano kwanza, kisha mweupe! Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na moto wa kuchomelea hupita hapo mbali sana. Mvuke hukutana na oksijeni, hupoa ghafla, ukawa chembe ndogo mno za fuwele zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Homa huanza saa kadhaa baada ya kazi na kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, maziwa yawepo yasiwepo.

Sasa sikiza ajabu. Nilipomuuliza mwalimu kama kitu hiki kina faida, alicheka akanieleza kuwa kuna wanasayansi wanaokivukiza makusudi, tena kwa gharama. Huweka kidonge cha oksaidi ya zinki ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, wakaingiza oksijeni kidogo, kisha wakakipiga kwa leza. Si mwale wa mfululizo bali wa mapigo, kila pigo likidumu makumi machache ya sehemu za bilioni za sekunde. Uso wa kidonge huruka kama mwenge unaong'aa, ukatua juu ya kioo kilichopashwa moto. Pigo baada ya pigo, utando hujengeka, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Fuwele zake hupimwa kwa nanomita, na nanomita milioni moja ndiyo milimita moja tu.

Mbinu hii ya leza ilijaribiwa mwaka wa 1965, miaka mitano baada ya leza ya kwanza. Mwaka wa 1998 watafiti wa Hong Kong na Japani walionyesha kwamba utando wa oksaidi ya zinki, ukiangazwa, waweza wenyewe kutoa leza ya urujuanimno. Isitoshe, hupitisha mwanga, na ukitiwa alumini kidogo hupitisha umeme vizuri, ndiyo maana unatakiwa katika seli za umeme wa jua. Tofauti na Gakoromone ni kwamba chombo chao kimefungwa.

Nilimweleza mjomba yote hayo.

"Mpwa wangu, hiyo leza itachomelea lango la mteja?"

Nikamwambia la, lakini aiparue zinki kwa tupa kabla ya kuchomelea, na asimame upepo ukimpitia ubavuni. Akanung'unika. Kuparua kunakula saa nzima, halafu lazima kiungo kipakwe rangi kisishike kutu, na mteja halipii hayo. Hoja ya pesa, nami sina pesa! Mwishowe tuliafikiana kuwa wakati wa likizo kuparua ni kazi yangu. Agosti iliyopita nilimaliza tupa mbili.

Muhula ukifunguliwa, huachwa na tupa zake. Siku ya wazazi, kabla hata sijafungua mkebe wa chapati, humuuliza mama mjomba analalaje siku hizi.