Moldova: Tufaa linapokataliwa mpakani

Ukitoka Chișinău, mji mkuu wa Moldova, ukaelekea kaskazini hadi Soroca, kando ya mto Dniester, utapita kwenye udongo mweusi na mashamba ya matunda: plamsi, zabibu, na zaidi ya yote matufaa, ambayo wengi wetu sokoni tunayaita epo. Ikifika Septemba, familia nzima iko shambani na makreti yanajaa.

Kwa miaka mingi makreti hayo yalikuwa na njia moja kubwa, ya Urusi. Tangu enzi za Usovieti wakulima walipanda aina za matufaa zinazopendwa huko. Ndiyo maana agizo moja kutoka Moscow lilitosha kuharibu msimu.

Machi 2006 Urusi ilizuia divai ya Moldova na ya Georgia, ikisema ina mabaki ya dawa za wadudu na metali nzito. Mei ikawa zamu ya Borjomi, maji ya chemchemi ya Georgia ambayo watu wa Usovieti waliyanywa vizazi kwa vizazi kutuliza tumbo. Septemba 2013 divai ya Moldova ikazuiwa tena. Juni 2014 Moldova ikasaini mkataba wa ushirika na Umoja wa Ulaya. Julai, mavuno yakikaribia, matufaa na plamsi navyo vikakataliwa; safari hii kisa ni wadudu waharibifu.

Mimi huandika habari za afya, na suala la usalama wa chakula sichezi nalo. Sumu kwenye chakula ipo, na watoto ndio huumia kwanza. Lakini hapa tarehe zinasema mengi kuliko maabara. Divai ya Gagauzia, jimbo la kusini mwa Moldova hiyohiyo ambako wengi huegemea Moscow, iliruhusiwa kupita.

Umoja wa Ulaya uliongeza kiasi cha matufaa, plamsi na zabibu kinachoingia bila ushuru. Afueni ilikuwepo, ila wanunuzi wa huko wanataka aina nyingine, matunda ya ukubwa unaolingana, yaliyotunzwa kwenye ghala la baridi. Kung'oa miti na kupanda mipya ni kusubiri miaka kadhaa, na ada ya shule inadaiwa mwaka huu. Wazazi wengi wa vijijini walikuwa tayari wameshakwenda kutafuta kazi Italia, au Urusi kwenyewe, watoto wakilelewa na bibi na babu. Matufaa yaliyokosa soko yaliishia viwanda vya juisi, kwa bei ya kutupa.