Ukimpelekea Fundi wa Ntimaru Kitambaa Chako

Ukifika mjini Migori usidhani umemaliza Kenya. Songa mbele hadi Kehancha, kisha uingie Kuria Mashariki, penye mashamba ya mahindi na tumbaku, mpaka Ntimaru. Hapa ni kwa Wairege, mojawapo ya koo za Wakuria. Tanzania i karibu, na ndugu zao wengine wanaishi huko, upande wa Tarime.

Kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara nchini, fundi wa nguo hukaa barazani, akikanyaga cherehani kwa mguu. Aghalabu yeye hauzi kitambaa. Anauza ujuzi wa mkono wake. Kitenge unakuja nacho mwenyewe, pengine kwa pesa za mavuno ya msimu mzima. Mkasi ukishapita, kitambaa hakirudi kilivyokuwa. Kwa hivyo kazi kubwa ni yale mazungumzo yanayotangulia mkasi.

Sikiliza mfano huu:

"Fundi, nishonee gauni refu kidogo."

"Refu hadi wapi, mama? Gusa mguu nione."

Fundi huyo ana hekima. "Refu kidogo" kwa mmoja ni chini ya goti, kwa mwingine ni kifundoni. Tena sokoni huenda akaja Mkuria, Mjaluo au Mmaasai, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani. Kiswahili huwaunganisha, lakini kidole kinachogusa mguu hakihitaji mkalimani.

Kuna mambo mengine yanayofaa kusemwa mapema. Kitenge huuzwa kwa yadi, na yadi 6 hupungua mita 6 kwa zaidi ya nusu mita. Ukisema "mita" ilhali ulinunua yadi, mkono mmoja wa gauni utakosekana. Ikiwa kitambaa kina ndege au maua yaliyosimama, mwambie fundi yote yaelekee juu. Akipanga vipande kichwa chini ili kubana matumizi, ndege wa mgongoni watakuwa wakianguka. Kwa upande wake, fundi anapaswa kukuambia kwamba mtindo huo hula kitambaa zaidi. Pamba nayo hurudi ikifuliwa. Ni vyema kuifua kabla ya kukata.

Halafu kuna bei. Ikiwa mmoja wenu ametoka ng'ambo, tajeni ni shilingi ya nchi gani, maana moja ya Kenya hupata zaidi ya kumi za Tanzania. Ulizeni nani atanunua uzi, zipu na bitana. Lipa arubuni, mkubaliane siku ya kuchukua. Wateja hupenda kulalamika kwamba mafundi ni waongo wa tarehe, lakini nguo iliyoshonwa ikaachwa ukutani miezi mitatu ni hasara ya fundi, ambaye uzi alishaununua na jasho alishalitoa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi vipimo, bei na siku viandikwe, na kipande kidogo cha kitambaa kibanwe kwa pini kwenye ukurasa huo. Na kabla hujaondoka, uliza kuhusu mabaki. Fundi asiyeambiwa huenda akayatupa. Aliyeambiwa atakutolea kilemba, au kigauni cha mtoto.