Mpiga besi naye ni mtu!

Nenda ukumbi wowote wa dansi, uliza jina la mwimbaji. Utatajiwa mpaka la utani. Uliza la mpiga solo, utaoneshwa kwa kidole. Sasa uliza la mpiga besi... Kimya! "Nani, yule mrefu pale nyuma?" Naam, yule yule. Na mimi ni mmoja wao.

Wiki hii naongea maana yamenifika shingoni. Kiongozi wa bendi ninayopigia kanunua kinanda kipya, na juzi katamka mbele ya washkaji kwamba mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unatosha kufanya kazi yangu. Eti tutapungua kwenye mgao! Kasheshe hiyo.

Vyombo vyangu havina makuu. Gitaa ni Squier la nyuzi nne, la mtumba, na amplifaya ni ya bendi. Nyuzi zikichoka sikimbilii dukani. Nazichemsha kwenye sufuria, uchafu unatoka, zinalia tena kwa muda. Shangazi akinikuta jikoni huniuliza, "Baba, leo tunakula supu ya waya?"

Lakini utamu wa besi hauko kwenye bei ya gitaa. Mtu wangu ni James Jamerson wa Detroit, Marekani, aliyepiga besi katika nyimbo kibao za Motown miaka ya 1960. Alikuwa na Fender Precision ya mwaka 1962, nyuzi hakupenda kuzibadilisha, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu! Kwa miaka mingi majalada ya santuri hayakumtaja. Mpaka Marvin Gaye alipotoa "What's Going On" mwaka 1971, ndipo jina lake likaandikwa. Alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 47. Mwaka 2000 ndiyo wakamwingiza Rock and Roll Hall of Fame. Heshima ilikuja mwenyewe keshalala kaburini.

Wa pili ni Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers, aliyefariki mwaka 2024. Huyo kanifundisha kunyamaza. Anapiga noti chache, anaacha pengo, na humo kwenye pengo ndimo kiuno kinapokatika. Naye mwaka 2006 alikwenda mahakamani London kudai mgao wa zile kazi za enzi za Bob Marley, akashindwa. Unaona? Hata wakubwa yamewakuta.

Na nyie vijana mnaosikiliza muziki kwa spika ya simu, mnatuonea! Uzi wangu mnene unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Kile kispika hakiwezi kuutoa mtikisiko ule, hivyo mnasikia kivuli cha besi tu. Njooni ukumbini muisikie kifuani.

Sikibezi kinanda. Stevie Wonder alipiga besi ya "Superstition" kwa kinanda mwaka 1972, na hakuna aliyelalamika. Lakini yule ni Stevie Wonder, bwana! Wetu mkono wa kulia wenyewe unamshinda. Halafu sebene likichanganya, mimi macho yangu yako kwenye mguu wa mpiga dramu. Akikaza nakaza naye, akilegea namvuta. Mwenye kinanda ana solo lake la kuwaza, atautazama mguu wa mtu saa ngapi?

Basi nimempa kiongozi sharti, naye kakubali. Jumamosi tunapiga nyimbo tatu bila mimi, kisha tatu nikiwemo. Asinitazame mimi, atazame wachezaji. Miguu ya watu ikisema kinanda kinatosha, nitakunja waya wangu taratibu nikatafute bendi nyingine.

Wasiwasi sina. Haya, ninao kidogo!